Maji moto ya kuoga ni pesa ngapi? Pima kabla ya kumlaumu mwenzako

Wacha nikuulize swali moja kabla hujaendelea na shughuli zako: maji uliyooga leo asubuhi yamekugharimu pesa ngapi? Si maji yenyewe. Ule moto wake. Unajua bei ya mkate, unajua nauli ya kutoka mtaani hadi tao ikinyesha na isiponyesha, unajua hata bando la saa moja linauzwaje. Lakini moto wa maji ya kuoga hujui. Usijali, hata mimi sikujua. Na kutojua huko kulinikosanisha na rafiki niliyeanza naye maisha ya Nairobi.

Mwaka jana tulikuwa wasee watatu katika nyumba ya vyumba viwili, Zimmerman. Mita ilikuwa moja. Kila mwanzo wa mwezi kila mtu alituma Sh600, tunanunua tokeni za Sh1,800, halafu tunasahau habari ya stima. Mpango ulikuwa fiti mpaka baridi ya Juni ikaingia. Ghafla tokeni zikaanza kuisha tarehe 20. Mita inalia usiku kama panya aliyenaswa, friji inazima, maziwa yanaganda, na kila mtu anamwangalia mwenzake.

Tulikutana sebuleni kama kamati. Haikuchukua dakika tano kumpata mshukiwa. Bafuni kulikuwa na shawa ya stima, ile inayochemsha maji hapo hapo yakitoka. Tuliikuta ukutani tulipohamia. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunaiogopa kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni: wati 5,500. Mimi nilikuwa na koili yangu, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, ya wati 1,500. Mwenzangu alikuwa na birika la stima. Aliyekuwa akioga kwa shawa ni mmoja tu.

“Buda, hiyo shawa yako inatumaliza,” nikamwambia. Wawili dhidi ya mmoja. Hakubishana sana. Tukakubaliana atakuwa akiongeza Sh300 kila mwezi juu ya mchango wake. Alilipa Juni, akalipa Julai, akalipa Agosti. Lakini alianza kula chumbani kwake. Akaacha kutuamkia kwa utani. Halafu jioni moja mwishoni mwa Agosti akasimama mlangoni akasema: “Nimepata bedsita Githurai, nimeshalipa na depo. Nahama mwisho wa mwezi. Lakini kabla sijaenda, nataka tupime.”

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumemtoza faini miezi mitatu bila kupima chochote.

Jinsi tulivyopima

Jumamosi asubuhi tulizima kila kitu. Friji, taa, waifai, chaja zote. Tukaandika yuniti zilizokuwa zikionekana kwenye mita. Halafu kila mtu akaoga kwa zamu, na baada ya kila mmoja tunaandika tena.

Yeye aliingia wa kwanza. Tulimhesabia muda kwa simu kutoka shawa ilipowashwa mpaka ilipozimwa: dakika 6. Mita ilikuwa imekula yuniti 0.55.

Zamu yangu ikafika. “Oga vile huoga kila siku,” akaniambia. “Usijifanye.” Basi nikajaza ndoo ya lita 20, nikatumbukiza koili, nikawasha, nikarudi kitandani kuangalia simu. Kama kila siku. Niliporudi bafuni mvuke ulikuwa umejaa, na ndoo haikushikika. Saa ilisema dakika 44. Mita ilisema yuniti 1.1.

Mwenzetu wa tatu alichemsha mabirika mawili, akachanganya na maji baridi kwenye beseni, akaoga. Yuniti 0.33.

Yaani mimi niliyekuwa mwendesha mashtaka ndiye niliyekuwa nikila stima mara mbili ya mshtakiwa. Yeye alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akaenda kukunja nguo zake.

Sasa hebu tufanye hesabu ambayo tungeifanya Juni.

Kwanza, yuniti moja ni pesa ngapi kwako?

Chukua ujumbe wa mwisho wa tokeni kwenye simu yako. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa. Hiyo ndiyo bei yako halisi, kodi zote zikiwa ndani. Usichukue bei ya rafiki yako wala ya mtandaoni, kwa sababu bei ya stima Kenya haikai mahali pamoja. Gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na ile ya fedha za kigeni hurekebishwa kila mwezi, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Na kama unaishi kwenye ploti ambayo mwenye nyumba ana mita yake kubwa na wewe una kamita kadogo, bei ni ile aliyokupangia.

Katika makala hii nitatumia Sh25 kwa yuniti ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka yako.

Kwa bei hiyo, shawa ya rafiki yangu ya dakika 6 ilikuwa karibu Sh14. Ndoo yangu ilikuwa Sh27.50. Mabirika mawili yalikuwa karibu Sh8. Inaonekana ni chenji tu. Lakini zidisha kwa siku 30: yeye Sh412, mimi Sh825, yule wa birika Sh247. Sh825 kwa mwezi, mtu mmoja, kuoga mara moja kwa siku. Mchango wangu ulikuwa Sh600! Kwa maneno mengine, pesa zangu zilikuwa haziwezi hata kulipia kuoga kwangu. Wengine ndio waliokuwa wakinilipia, na mmoja wao nilikuwa namtoza faini.

Kanuni moja ya kukariri

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Ni ya shule ya upili, sema tu hakuna mwalimu aliyeniambia kuwa siku moja ingenisaidia kuokoa urafiki.

Ni hivi: lita za maji, zidisha kwa nyuzi za joto unazotaka kuongeza, gawanya kwa 860. Jibu ni yuniti za stima.

Mfano. Maji ya bomba Nairobi tuseme yana nyuzi 20. Maji mazuri ya kuoga ni kama nyuzi 40. Unaongeza nyuzi 20. Ndoo ni lita 20. Basi 20 mara 20 ni 400, gawanya kwa 860, unapata yuniti 0.47. Kwa Sh25, hiyo ni karibu Sh12. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa ya ndoo moja ya maji ya kuoga kwa stima, utumie chombo chochote kile.

Rudia hapo: chombo chochote kile. Koili ya mia kadhaa kutoka kwa muuzaji wa kando ya barabara na shawa ya elfu kadhaa kutoka dukani zote zinageuza karibu stima yote kuwa joto. Hakuna koili ya kuokoa stima. Hakuna birika la miujiza. Ukiona mtu mtandaoni anakuuzia hita “inayotumia nusu ya umeme”, muulize kama maji yake nayo yanafika nusu ya joto.

Na ile namba ya wati inayotutisha? Wati zinakwambia chombo kinakula stima kwa kasi gani, hazikwambii kitakula kiasi gani. Fikiria watu wawili wanaojaza mitungi bombani. Mmoja anafungua bomba lote, mtungi unajaa dakika mbili. Mwingine anafungua kidogo, unajaa dakika kumi. Mtungi ni uleule, maji ni yaleyale. Shawa ya wati 5,500 ikifanya kazi dakika 6 inatumia yuniti 0.55. Koili ya wati 1,500 inahitaji dakika 22 kutumia hizo hizo. Tofauti ni kwamba shawa unasimama chini yake na unaizima ukimaliza. Koili unaiwasha halafu unaenda Instagram.

Kwa hiyo pesa hazipotelei kwenye chombo. Zinapotea kwa njia tatu: maji mengi kuliko unayohitaji, joto kali kuliko unalohitaji, na joto linalotoroka kabla hujaoga. Tupitie kimoja kimoja.

Koili

Ni rahisi kununua na ni ya uaminifu: inapeleka joto lake lote ndani ya maji. Shida yake ni moja, haijui kuacha. Koili nyingi za mtaani hazina kitu cha kuzizima zenyewe. Ndoo ya lita 20 ikifika nyuzi 40 umetumia Sh12. Ukiisahau mpaka ichemke kabisa, hesabu inakuwa 20 mara 75 gawanya kwa 860, yaani yuniti 1.74. Sh43 na ushee kwa ndoo moja! Na bado utaongeza maji baridi kwa sababu huwezi kuoga maji yanayotokota. Mimi nilikuwa naoga nusu ya ile ndoo baada ya kuchanganya, na iliyobaki ninaacha hapo mpaka jioni, imepoa, namwaga chooni. Nilikuwa namwaga stima chooni.

Dawa: chemsha nusu ndoo, si ndoo nzima, na weka kengele ya simu. Koili ya wati 1,500 inapeleka lita 10 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa dakika 19 hivi. Ongeza lita 10 za baridi, una ndoo kamili ya nyuzi 40. Funika ndoo ukishatoa koili kama hauogi papo hapo.

Birika la stima

Hili ndilo lililotushangaza. Watu husema birika linakula tokeni, na kweli ukiangalia mita wakati limewashwa inakimbia. Lakini lina sifa mbili ambazo koili haina: linazima lenyewe, na ni dogo, kwa hivyo linakulazimisha kuwa na adabu. Birika la lita 1.7 kutoka nyuzi 20 mpaka kuchemka (hapa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 95 kwa sababu tuko juu) linatumia yuniti 0.15, pamoja na kidogo kinachotoroka. Tuseme Sh4. Mabirika mawili ukiyachanganya na maji baridi lita 9 hivi, unapata karibu lita 13 za nyuzi 40. Kwa mtu mmoja anayeogea beseni, hiyo inatosha na kubaki.

Si uchawi wa birika. Mwenzetu aliokoa pesa kwa sababu aliogea lita 13 wakati mimi nilikuwa napasha 20 kwa joto la kuchuna kuku.

Shawa ya papo hapo

Hii haiweki maji, kwa hivyo hakuna joto la kutoroka. Unalipia kile kinachokumwagikia tu. Shawa ya wati 5,500 ikipandisha maji nyuzi 20 inatoa kama lita 4 kwa dakika. Dakika 5 ni ndoo moja. Dakika 10 ni ndoo mbili, yuniti 0.92, Sh23. Hapo ndipo mtego ulipo: ndoo inaisha, shawa haiishi. Kama wewe ni wa kusimama chini ya maji ukipanga maisha, utalipia hiyo mipango.

Zima unapojipaka sabuni. Na kama shawa yako ina swichi ya hatua tatu, tumia ile ya katikati siku za jua. Hatua ya juu kabisa iachie Julai.

Tangi la maji moto

Kama umehamia nyumba yenye tangi la stima juu ya dari au ukutani, pongezi, umeomoka. Lakini elewa unachomiliki. Tangi la lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 linakula yuniti 2.33, karibu Sh58. Hiyo si mbaya, kwa sababu ukichanganya na baridi unapata lita 100 za nyuzi 40, ndoo tano. Bei ya kila ndoo ni ileile Sh12. Familia ya watu watano, sawa kabisa.

Ubaya ni kuliacha limewashwa mchana kutwa. Tangi linapoa polepole na kujipasha tena, linapoa na kujipasha, hata kama nyote mko kazini. Yuniti moja au zaidi inaweza kupotea hivyo kwa siku. Yuniti moja kwa siku ni Sh750 kwa mwezi, na hakuna mtu aliyeoga. Kama unaishi peke yako, kupasha lita 50 ili uoge 20 ni kama kukodi matatu nzima kwenda dukani. Washa saa moja na nusu kabla ya kuoga, kisha zima swichi.

Na gesi je?

Najua utauliza. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina joto la karibu yuniti 13 za stima, lakini ukichemshia maji kwenye sufuria, kama nusu tu ya joto hilo huingia kwenye maji. Nusu nyingine inapasha jikoni. Ukijaza mtungi wa kilo 6 kwa Sh1,200, kilo ni Sh200, na kila “yuniti” iliyoingia kwenye maji imekugharimu karibu Sh31. Ndoo moja inafika Sh14 au 15. Kwa hivyo ile imani kwamba stima ni ghali na gesi ni rahisi, kwa maji ya kuoga, si lazima iwe kweli. Weka bei zako, piga hesabu, uone. Ukitumia gesi, funika sufuria.

Jua ndilo la bure. Mitambo ya jua ya kupasha maji juu ya paa ni uamuzi wa mwenye nyumba, si wako wewe mpangaji. Lakini mtungi mweusi uliojazwa asubuhi na kuachwa kwenye jua la roshani au paa la ploti, siku ya jua kali, unaweza kurudi jioni na kuyakuta maji yako nyuzi 30. Ukianzia 30 badala ya 20, umekata bili ya ndoo hiyo katikati: Sh6. Ni wazo la kizamani, mama zetu walilijua kabla ya tokeni.

Pia mahali unapoishi pana maana. Ndugu yangu wa Mombasa akiniambia kuoga maji moto hakumsumbui, simwonei wivu bure. Maji yake yanatoka bombani yakiwa na nyuzi 28 hivi, ndoo yake ni Sh7. Wewe wa Limuru mwezi wa Julai, maji yakiwa nyuzi 14, unalipa Sh15 kwa ndoo ileile. Ndiyo maana tokeni zetu zilianza kuisha Juni. Si kwamba mtu alikuwa ameharibika tabia. Maji yalikuwa baridi zaidi, na sisi tulikuwa tunayataka ya moto zaidi.

Mtego wa makundi ya bei

Kuna kitu kingine ambacho wengi hatukijui. Stima ya nyumbani Kenya haiuzwi kwa bei moja. Tangu Aprili 2023, bei nafuu kabisa ni ya wale wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa 100. Kundi la pili ni kati ya 30 na 100, na la tatu ni zaidi ya 100. Kila kundi lina bei ya juu kuliko lililotangulia, na unapangwa kwa wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita.

Sasa angalia. Kuoga ndoo moja kwa siku bila kupoteza chochote ni kama yuniti 15 kwa mwezi. Nusu ya zile 30 imeenda kabla hujawasha taa. Shawa ya dakika 10 kila siku ni yuniti 27, kundi la nafuu limeshakwisha. Na sisi watatu tulikuwa tunaoga yuniti 59. Ukiongeza friji, pasi, runinga na taa tulikuwa tumepita 100, kwenye kundi la bei ya juu zaidi, na hakuna aliyejua. Ukiishi peke yako kwenye bedsita bila friji, namna unavyopasha maji ndiyo inayoamua uko kundi gani.

Kabla hujaokoa pesa, okoa maisha

Hapa sitanii. Maji na stima havina urafiki.

Koili isitumike kwenye ndoo ya chuma wala karai. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, na koili isiguse ukingo wala chini. Iweke majini kwanza ndipo uwashe, na zima soketi, chomoa, ndipo uguse maji. Usipime joto kwa kidole ikiwa imewashwa, hata kama umefanya hivyo miaka mitano na hujafa. Kama una mtoto nyumbani, ndoo yenye koili isikae sakafuni mlango ukiwa wazi.

Shawa ya wati 5,500 inavuta ampea 23. Soketi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni 13. Kwa hivyo shawa inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye bodi, breka yake, na waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Fundi akikwambia waya wa ardhi si lazima, tafuta fundi mwingine. Na ukihisi bomba “linakuuma” kidogo unapoligusa ukiwa unaoga, hilo si jambo la kuchekelea. Zima kwenye bodi, oga kwa beseni, mwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Pima yako

Kabla mtaa wenu haujaanza kulaumiana, chagua asubuhi moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba. Andika yuniti. Mtu mmoja aoge vile huoga siku zote, bila kujionyesha. Andika tena. Toa, zidisha kwa bei yako, zidisha kwa 30. Rudia kwa kila mtu. Inachukua saa moja na nusu na haihitaji kununua chochote.

Sisi tulichelewa miezi mitatu. Rafiki yangu alihama tarehe 31 Agosti kama alivyosema. Nilimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye pikapu, tukashuka ngazi bila kuzungumza sana. Usiku ule mimi na mwenzangu tulichanga Sh450 kila mmoja tukamtumia zile Sh900 zake, na nikaandika samahani, nikafuta, nikaandika tena.

Alijibu kesho yake asubuhi. “Imeingia. Sasa nunua kitu ya kukukumbusha kuzima koili.”

Nilinunua. Ni kengele ya jikoni, ya kuzungusha kwa mkono. Ikilia, naamka.